Swali Lipige Hodi Kwanza

Nyinyi vijana mnaoshika chaki sasa, juzi mlinikuta njiani hapa mjini Baraka mkaniuliza: "Prof, kwa miaka yote ile ulifundisha nini hasa?" Nikawajibu kwamba nilifundisha watu kupiga hodi. Mkacheka, mkasemezana kwa macho kwamba mzee ameanza kuchoka. Haya, nimeamua kuwaandikia, maana miguu imestaafu ila mdomo bado.

Hodi mnaijua. Hakuna mtoto wa huku kwetu Fizi anayeingia nyumba ya watu kimyakimya kama paka. Unasimama nje, unaita, unangoja mwenye nyumba afunge kanga vizuri au amalize ugomvi wake, kisha unasikia karibu. Maswali nayo ni hivyo hivyo. Kuna swali linaloingia kwa kusukuma mlango, na kuna linalosimama nje kwanza. Kiingereza, lugha niliyoifundisha, kinayo yote mawili. Nimeyafundisha yote mawili, lakini hilo la pili ndilo lililonifanya niipende kazi hii, na hata leo nikilifikiri nashangaa.

Nilianzia Lulimba, kule kwenye dhahabu. Shule ilikuwa ya miti na udongo, kitabu kilikuwa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa changu. Wanafunzi wengine walikuwa wakubwa kuliko mimi, wanakuja darasani na matope ya mgodi miguuni. Somo la maswali walilishika vizuri mno: unalala wapi, una nini mkononi, unaondoka lini. Nilijiona mwalimu kamili.

Siku moja gari la mgeni likakwama kwenye tope karibu na shule. Ndani alikuwamo Mzungu mmoja mpima mawe, pamoja na dereva wake. Nikaona Mungu ameniletea mtu wa mazoezi. Nikawaambia wanafunzi waende wakaongee naye Kiingereza. Wakaenda darasa zima, wenye sururu mabegani na wenye majembe, wakalizunguka lile gari na kumuuliza kwa sauti moja, vizuri kabisa, bila kosa hata la herufi: Unalala wapi? Una nini ndani ya mfuko? Unaondoka saa ngapi? Nani anakungoja?

Mgeni akapandisha kioo, akafunga milango, akainua mikono juu ya kichwa. Dereva akachungulia kwa upande wake, jasho likimtoka.

"Prof, batoto yako banataka kutuua?"

"Hapana, papa! Banafanya egzersisi!"

Walilisukuma gari likatoka topeni, kwa kuwa walikuwa watoto wema, lakini mgeni hakuaga mtu. Kijana mmoja akabaki ananiangalia. "Prof, tumekosa wapi? Yote si ilikuwa sawa?" Ilikuwa sawa kweli. Nikalibeba swali lake mpaka likizo.

Likizo ilipofika nilipita Lweba kwa Mwalimu Asukulu, yule aliyenifundisha mimi. Nilimkuta ufukweni anapaa samaki. Nilipomsimulia habari ya Lulimba alicheka hadi kisu kikamdondoka majini, ikabidi tukitafute kwanza.

"Wilondja," akaniambia, "weye wakati ulitaka bibi, ulienda kumuuliza baba yake: nipe binti yako, unataka nini?"

"Hapana, Mwalimu. Nilituma mujomba."

"Na mujomba alianza na nini?"

"Alisema banapita tu kusalimia."

"Unaona. Walijua alikuja kutafuta bibi?"

"Walijua tangu alipoonekana kwenye njia."

"Na walimupatia kiti?"

"Walimupatia."

"Basi Kingereza nayo iko na mujomba. Ulizo za batoto yako hazikupiga hodi, njo sababu ule Muzungu alifunga mulango."

Pale pale, na magamba ya samaki mikononi, akanipa yale maneno ambayo Waingereza huyatanguliza: naomba kujua, unaweza kuniambia, sijui kama, tafadhali muulize fulani iwapo. Vijana, sikilizeni. Maisha yangu yote nilidhani Mzungu huuliza kama anayetupa jiwe. Kumbe nao, huko kwao kwenye baridi, wana hodi yao. Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikaangalia ziwa, nikajisikia mdogo. Nani aliwafundisha? Hatukuwahi kukutana, lakini wote tumejua kwamba moyo wa mtu una mlango.

Tangu siku ile somo hilo sikulifundisha ubaoni tena. Hilo ndilo ninalowasihi: ukiliandika ubaoni, watalinakili, watalipamba kwa wino mwekundu, na hakuna atakayelisema. Wasimamisheni. Mimi niliwapanga watatu watatu. Mmoja ana swali, mmoja ana jibu, na mmoja yuko katikati. Mwenye swali haruhusiwi kumwangalia mwenye jibu. Anamwambia wa katikati: naomba umuulize kama amekula. Wa katikati anageuka, analipeleka. Anzeni na vitu vya tumboni, ugali na samaki, kwa sababu hapo hakuna anayeona haya. Mkifika kwenye mambo ya moyoni, ulimi umeshazoea njia.

Kuna kosa ambalo kila mtu hulifanya. Swali likishapiga hodi na kukaribishwa, halitakiwi kuendelea kujipinda, kitenzi mbele ya mtenda, kama lilivyokuwa nje. Linakaa kama sentensi ya kawaida. Wanafunzi hulisahau hilo kila siku. Basi nikawaambia: ukiingia kwa watu unavua viatu, na swali nalo livue. Mtu akikosea, darasa zima linaita "Viatu!" Anacheka, anavua, anasema upya. Mkaguzi mmoja aliwahi kupita nje akasikia vile viatu vinavyoitwa, akaandika kwamba darasa langu lina fujo. Alikuwa na haki, fujo ilikuwapo.

Sasa niwaambie habari ya Mama Riziki, maana ndiye aliyenifanya nilielewe somo langu mwenyewe. Nilikuwa nimeshastaafu. Kila Jumamosi mchana nilifundisha watu wazima katika chumba cha kanisa hapa Baraka: wauguzi, madereva, vijana wanaotafuta kazi kwenye mashirika. Siku moja akaja mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, ambaye nilimjua kwa uso tu kutoka sokoni. Akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha.

"Mwalimu, banasema weye njo unafundisha Kingereza."

"Njo mimi, mama. Ikala."

Hakukaa. "Mi sitaki yote. Nataka ya ulizo moja tu."

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nalo. Nikamwambia lugha haiuzwi kwa kipimo kama ndagala. Akaniangalia bila kukasirika.

"Hata ndagala, muntu anaonja kwanza," akasema, ndipo akakaa.

Baada ya kipindi akanieleza. Riziki, binti yake wa pekee, alivuka ziwa na wenzake wakati wa vita, akaolewa kambini Tanzania na kijana wa hapa hapa Fizi, Amisi. Baadaye walichukuliwa wakapelekwa Amerika. Huko wakamzaa Ana. Huko Riziki akaugua, akafa, akazikwa katika udongo ambao mama yake hajaukanyaga. Ana sasa ni msichana wa shule. Anaongea Kiingereza, Kiswahili alichobaki nacho ni cha mlangoni na cha mezani: hodi, karibu, asante, ugali.

"Na baba yake hajui Kiswahili?" nikamuuliza.

"Anajua muzuri sana."

"Basi si umuulize yeye?"

Mama Riziki akainamisha uso. "Mwalimu, ule ni mukwe wangu."

Nilijua, ila nilikuwa nimejisahaulisha kama wengi wenu. Kwa ukoo wake, mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, hawaitani, hawali pamoja. Mmoja akimwona mwenzake anakuja kwenye kijia, anatoka njiani, anapita majanini. Si chuki, ni heshima ya juu kabisa. Neno likihitajika linapitia kwa binti. Kwa hiyo Riziki ndiye aliyekuwa katikati yao, hata kwa simu kutoka ng'ambo: Mama anauliza kama mtoto amepona, Amisi anasema amepona. Nami kwa usomi wangu nikamwambia kwamba zama zimebadilika, aseme naye waziwazi tu, Mungu ataelewa.

"Mungu ataelewa," akasema. "Lakini nikisema naye hivi hivi, ni kusema katikati yetu hakuna muntu tena. Riziki atakufa mara ya pili, na sasa njo mimi nitakuwa nimemuua. Katikati iko muntu, Mwalimu. Iko Ana."

Nikauacha usomi wangu pale.

Kisha akaniambia swali lenyewe. Watu waliopata habari za huko walisema Amisi anataka kuoa tena. Hakumlaumu; mwanamume kijana mwenye mtoto hawezi kubaki hivyo. Ila tangu maneno hayo yafike, simu zilikuwa zimepungua, na Ana akipiga, baba yake nyuma kimya kabisa, hata kikohozi hakisikiki. Simu ni ya Amisi. Mke mpya ataingia na mama yake na ukoo wake, na nani atamkumbuka muuza ndagala wa Baraka?

"Nataka kujua kama mi bado ni nyanya ya ule mutoto," akasema. "Akisema hapana, nijue. Nitaacha kungojea telefone."

Kiingereza cha swali moja. Sikucheka tena.

Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama yule. Alifanya mazoezi akianika ndagala, akiwafukuza kuku, akipima kikombe cha mteja. Wenzake sokoni wakamtania, wakamwita Mama Muzungu, naye akawajibu kwa Kiingereza kwamba anaomba kujua kama watanunua au watacheka tu. Lile neno la Kiingereza la nyanya, mama wa mama, lilimsumbua sana. Ulimi ulikuwa unaligonga, unarudi nyuma, unaligonga tena.

Darasani alichagua mwenyewe wenzake wawili: wa katikati, yaani Ana, alikuwa dereva mmoja. Mwenye jibu, yaani Amisi, alikuwa Rukundo, muuguzi mtaratibu kutoka kwa wafugaji wa milimani. Kwao, ukimuuliza mtu waziwazi ana ng'ombe wangapi, umemtukana. Wanazunguka kilima kizima kabla ya kumfikia ng'ombe. Sikuhitaji kumweleza lolote. Siku ya kwanza tu, Mama Riziki aliposimama, Rukundo aligeuka mwenyewe akaukabili ukuta, akavua kofia. Hakuna aliyemwambia. Darasa lililokuwa linapenda kupiga kelele likatulia. Mpango ule wa watu watatu nilikuwa nimeutumia miaka mingi kama mchezo. Sikujua kwamba kuna watu wanaishi ndani yake.

Jambo jingine dogo, mlishike kwa ajili ya wanafunzi wenu. Nilimwambia Mama Riziki kwamba sisi tukiwa mchana, kwa Ana jua ndiyo kwanza linachomoza. Akashtuka. "Basi nitamusalimia na asubuhi yake," akasema, "haiko na yangu."

Ikafika Jumamosi tuliyoipanga kumpigia Ana. Kwenye dirisha la kanisa linaloelekea ziwani ndiko mtandao unapatikana vizuri. Kipindi kiliisha lakini hakuna aliyetoka; madereva wenye safari zao walikaa, wakajifanya wanatafuta funguo. Mama Riziki alikuwa amefunga kilemba kipya.

"Ukisikia nimepotea, unishike mukono," akaniambia. "Lakini usiseme."

Ana akapokea. Mama Riziki akamsalimia kwa Kiingereza asubuhi njema, jua la mchana likiwa linatuchoma usoni. Mtoto akapiga ukelele wa furaha: nyanya anaongea Kiingereza! Akamwaga maneno mengi kwa haraka, hata mimi mengine yalinipita. Mama Riziki akayaacha yapite kama mvua. Yalipokwisha akasimama wima, macho chini.

"Ana, could you ask your father," akavuta pumzi, "if am I..." Akajipiga paja. "Viatu," akanong'ona. Akaanza upya, polepole: "Could you ask your father if I am still your grandmother?"

Yaani, amuulize baba yake kama yeye bado ni nyanya yake. Tukasikia hatua za mtoto, mlango, kisha sauti yake inauliza, na sauti ya mwanamume chini sana. Kisha hakuna kitu. Tulijua simu haijakatika kwa sababu maji yalikuwa yanatiririka mahali fulani, halafu mtu akayafunga. Mama Riziki hakuinua macho, kana kwamba mkwe wake amesimama pale pale chumbani. Nikaona watu wote wameinama, na Rukundo ameukabili ukuta. Niliogopa. Niliwaza, akisema hapana, ni mimi niliyempa mama huyu maneno ya kuletea msiba wake.

Ana akarudi, anahema. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtoto asiyeelewa wakubwa wanafanya nini, kwamba baba yake amekaa chini sakafuni. Na kwamba baba anaomba kujua, kama Nyanya hatakasirika, iwapo yeye bado ni... Neno likamkosa. Akamwita baba yake, akaambiwa, akarudi nalo jinsi lilivyo: "mukwe."

Nilifungua mdomo nitafsiri. Mama Riziki akainua mkono kunizuia. Alikuwa ameelewa kila kitu, kabla yangu.

Vijana, nimesoma vitabu, nimeona mambo, lakini sijaona kubwa kama lile. Amisi hakuwa amemsahau mama yule. Alikuwa na swali lake yeye, lile lile, na hakuwa na mtu wa kulibeba. Bila ruhusa ya mama mkwe asingeoa, na kumsemesha mama mkwe asingethubutu, na mtoto aliyebaki katikati hakuwa na lugha ya kumfikia nyanya yake. Kwa hiyo akanyamaza, na simu zikapungua. Huku mama anangoja, kule yeye anangoja, bahari nzima katikati, kila mmoja amesimama nje ya mlango wa mwenzake na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuusukuma. Heshima ya namna hiyo inatisha. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Ndipo nikakumbuka kwamba mwanafunzi wangu hana jibu. Kiingereza cha swali moja nilimpa. Cha kujibu sikumpa. Nikasogea nimnong'oneze, lakini hakunihitaji.

"Karibu," akaiambia simu, macho bado chini. "Muambie, karibu. Yeye na ule bibi yake mupya. Karibu."

Hilo la kwanza Ana alilijua. Tukamsikia anakimbia ndani ya nyumba anapiga kelele: karibu, amesema karibu! Kisha ile sauti ya mwanamume ikasikika vizuri kwa mara ya kwanza, kwa Kiswahili chetu cha Fizi, inaongea na mtoto: "Muambie nyanya yako, asante." Na Ana akalibeba neno hilo, akalifikisha, hatua kwa hatua: "Baba anasema, asante."

Madereva wakapata funguo zao.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Mama Riziki ameshakaa mbele kabisa, na ndagala alioniletea wamefungwa vizuri juu ya meza. Nikamtania kwamba ulizo yake moja si imeisha, sasa amefuata nini.

"Ulinifundisha kuuliza," akasema. "Sasa Ana ananipigia, anauliza Riziki alikuwa mutoto wa namna gani. Alipenda kula nini. Alicheza wapi. Mwalimu, nifundishe kujibu."

Nikaiweka chaki chini, nikavuta kiti karibu yake, tukaanza kusema.